Uwanja wa Ndege wa Songwe

Uwanja wa Ndege wa Songwe (huitwa pia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Songwe, vifupisho vya kimataifa: MBI na HTGW) ni uwanja wa ndege wa Mkoa wa Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania. Uko kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, zaidi ya kilomita 20 upande wa magharibi wa jiji la Mbeya. Ulianza kupokea ndege za abiria mnamo Desemba 2012 ukichukua nafasi ya uwanja wa zamani uliokuwa ndani ya mji wa Mbeya.

Uwanja huu unatumiwa na wakazi na wageni wa mikoa ya Mbeya na Songwe pamoja na maeneo ya jirani. Miongoni mwao ni watu wa Wilaya ya Rungwe, ambayo makao makuu yake ni mji wa Tukuyu. Kwao Songwe ndio mlango wa karibu wa usafiri wa anga wa ratiba, ingawa safari ya kuufikia hupita milimani na kuvuka jiji zima la Mbeya.

Jina na mahali

Jina la uwanja linatokana na eneo la Songwe lililo katika bonde la mto wa jina hilo, ndani ya Mkoa wa Mbeya. Kuna mambo mawili yanayowachanganya wageni.

La kwanza ni kwamba kuna mito miwili inayoitwa Songwe katika sehemu hii ya nchi. Mmoja unapita karibu na uwanja na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Mwingine uko kusini zaidi, ni sehemu ya mpaka kati ya Tanzania na Malawi, na unaingia Ziwa Nyasa.

La pili ni Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kutokana na sehemu ya magharibi ya Mkoa wa Mbeya, yaani miaka kadhaa baada ya uwanja kufunguliwa. Uwanja wenyewe ulibaki upande wa Mbeya. Kwa hiyo mtu anayekwenda Vwawa au Tunduma katika Mkoa wa Songwe, akishuka uwanjani, bado ana safari ya barabara mbele yake.

Uwanja uko kwenye kimo cha takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chini kuliko mji wa Mbeya na mji wa Tukuyu. Jirani yake kuna mji mdogo wa Mbalizi na kiwanda cha saruji cha Songwe.

Historia

Kabla ya mwaka 2012 ndege zilitua katika uwanja wa zamani wa Mbeya. Uwanja huo ulikuwa kwenye kimo cha takriban mita 1,700, chini ya milima iliyo kaskazini mwa mji, na njia yake ya kurukia ilikuwa fupi. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, na ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi na njia ndefu zaidi ili iweze kuruka. Njia fupi kwenye kimo hicho ilimaanisha kwamba ndege ndogo tu ndizo zilizoweza kuutumia, na hata hizo wakati mwingine zililazimika kupunguza mzigo. Nyumba za mji nazo zilikuwa zimeuzunguka uwanja, kwa hiyo kuupanua hakukuwa jambo rahisi.

Serikali iliamua kujenga uwanja mpya kwenye ardhi tambarare ya Songwe. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ulifanyika kwa awamu kwa zaidi ya miaka kumi. Njia ya kurukia ilitangulia kukamilika. Majengo ya abiria na vifaa vingine vilifuata polepole, na kwa miaka kadhaa baada ya ufunguzi abiria walihudumiwa katika jengo dogo wakati jengo kubwa likiendelea kujengwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kulifanyika kazi kubwa ya maboresho iliyohusu njia ya kurukia, taa zake na jengo jipya la abiria. Kabla ya taa hizo, ndege zilitegemea mwanga wa mchana, na ndege iliyochelewa sana kuondoka Dar es Salaam haikuweza kutua Songwe baada ya jua kuzama.

Uwanja unasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA). Usalama wa safari za anga pamoja na udhibiti wa huduma zake uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Njia ya kurukia na ndege

Njia ya kurukia na kutua ina lami na urefu wa mita 3,330. Urefu huo unaruhusu ndege za injini za jeti kutua na kuruka zikiwa na abiria wengi, jambo ambalo halikuwezekana katika uwanja wa zamani.

Mwaka 2013 shirika la Fastjet lilianza kuruka kati ya Dar es Salaam na Songwe kwa ndege aina ya Airbus A319. Ushindani wa nauli uliotokea uliwafanya watu wengi waliozoea basi kupanda ndege kwa mara ya kwanza. Fastjet ilisimamisha safari zake nchini Tanzania mwishoni mwa mwaka 2018. Precision Air imetumia ndege za mapangaboi aina ya ATR katika njia hii. Air Tanzania, ambayo serikali ilianza kuifufua mwaka 2016 kwa kununua ndege mpya, imetumia ndege za mapangaboi aina ya Dash 8-400 na za jeti aina ya Airbus A220-300.

Ingawa uwanja unaitwa wa kimataifa, kwa miaka mingi safari zake za ratiba zimekuwa hasa za ndani ya nchi, na nyingi ni za kwenda na kutoka Dar es Salaam. Kwa ndege ya jeti safari hiyo huchukua zaidi kidogo ya saa moja, na kwa ndege ya mapangaboi huwa ndefu zaidi. Kwa barabara umbali wa Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na basi hutumia kutwa nzima. Treni ya TAZARA, ambayo stesheni yake ya Mbeya iko Iyunga, huchukua takriban siku nzima na usiku wake.

Huduma kwa abiria

Songwe ni uwanja mdogo ukilinganishwa na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA) wa Dar es Salaam. Udogo huo una faida zake. Hatua za abiria ni fupi: ukaguzi wa mlangoni, kukabidhi mizigo na kupata pasi ya kupandia, ukaguzi wa pili, kisha chumba cha kusubiria. Hakuna madaraja ya kupandia ndege. Abiria hutembea kwa miguu kutoka jengoni hadi kwenye ndege na kupanda kwa ngazi. Kwa mzee, mgonjwa au mama mwenye mtoto mgongoni, hasa mvua ikinyesha, ngazi hizo ni sehemu ngumu ya safari. Anayehitaji kiti cha magurudumu anashauriwa kulijulisha shirika la ndege mapema, wakati wa kukata tiketi, ili msaada uandaliwe katika viwanja vyote viwili.

Huduma za chakula na maduka ni chache kuliko za JNIA. Kwa siku ya kawaida hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa abiria hukaa uwanjani kwa muda mfupi. Uzito wake huonekana siku ambayo ndege imechelewa. Mji uko mbali kwa miguu, na abiria aliyekwisha kukaguliwa hawezi kutoka na kurudi ovyo. Kwa sababu hiyo wasafiri wanaoijua njia hii hubeba chakula kidogo, maji ya kununua baada ya ukaguzi na dawa zao mkononi badala ya kuziweka kwenye mzigo mkubwa.

Kwa safari za ndani abiria huonyesha kitambulisho kinachotambulika, kama vile kitambulisho cha taifa au pasipoti. Wageni wanapaswa kukumbuka pia kwamba Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na wasafiri wanaoingia nchini hutakiwa kuiacha uwanjani.

Abiria wanaounganisha safari ya nje na ya Songwe hukutana na jambo jingine huko Dar es Salaam. Tangu mwaka 2019 safari za kimataifa za JNIA zilihamishiwa Jengo la Tatu, huku safari nyingi za ndani zikibaki katika Jengo la Pili. Abiria wa namna hiyo huchukua mzigo wake, hupita forodha, kisha hutafuta usafiri wa kufika jengo la pili. Muda mfupi kati ya ndege mbili unaweza kutosha kwenye tiketi lakini usitoshe kwa miguu.

Ukungu na kuahirishwa kwa safari

Tatizo linalojulikana zaidi kwa abiria wa Songwe ni ukungu na mawingu mazito yanayoshuka bondeni, hasa asubuhi. Rubani anayekaribia kutua hutakiwa kuiona njia ya kurukia kabla ya kufika kimo fulani kilichowekwa na kanuni. Asipoiona, hana ruhusa ya kuendelea kushuka. Huinua ndege, akazunguka hewani akisubiri ikiwa ana mafuta ya kutosha, au akaenda uwanja mwingine, au akarudi Dar es Salaam.

Taa za njia ya kurukia zimesaidia sana kwa safari za jioni na usiku, na husaidia pia rubani kuiona njia mapema zaidi wakati mwanga ni hafifu. Hata hivyo taa peke yake haziondoi tatizo la ukungu mzito. Kutua katika hali hiyo kunahitaji mitambo ya ardhini inayoiongoza ndege kwa mawimbi ya redio hadi karibu kabisa na ardhi, vifaa vinavyolingana nayo ndani ya ndege, na marubani waliofunzwa kuvitumia. Pamoja na hayo yote, kila mtambo una kiwango chake cha chini cha uwezo wa kuona.

Abiria aliyeketi chumba cha kusubiria mara nyingi huona jua limechomoza na hali imekuwa nzuri, lakini bado anaambiwa ndege haijafika. Sababu ni kwamba ndege moja huzunguka vituo kadhaa kwa siku. Ikichelewa asubuhi, ucheleweshaji hujirudia katika kila kituo kinachofuata mpaka jioni.

Uzito wa kanuni hizi ulionekana tarehe 6 Novemba 2022, wakati ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilipoanguka katika Ziwa Viktoria. Watu 43 walikuwa ndani, na 19 kati yao walifariki. Abiria wa Songwe anaporudishwa Dar es Salaam hupoteza siku, fedha na pengine miadi ya hospitali au mazishi ya ndugu. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini rubani aliyegeuza ndege amefanya kazi yake. Lawama inayoweza kutolewa kwa haki inahusu yanayofuata baadaye: taarifa zilizochelewa, abiria walioachwa bila maelezo, au safari mbadala isiyopangwa.

Safari kutoka Tukuyu

Tukuyu iko takriban kilomita 70 kutoka jiji la Mbeya. Barabara yake inatoka mpakani Kasumulu na Kyela, inapita Tukuyu, Kyimo na Kiwira, inapanda hadi Isongole kando ya Mlima Rungwe, kisha inashuka Uyole na kuungana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Zambia. Kutoka Uyole msafiri huvuka jiji kupitia Mwanjelwa na Iyunga, hushuka Mbalizi, ndipo afike Songwe. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 90.

Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Barabara ya mlimani nayo hufunikwa na ukungu, na magari hupunguza mwendo. Baada ya Uyole hali hubadilika: kikwazo si ukungu tena bali msongamano wa malori yanayokwenda na kutoka Zambia, Malawi na Kongo. Lori likiharibika kwenye mlima au mteremko, foleni huweza kukaa saa kadhaa. Ili kupunguza tatizo hilo serikali ilianza mradi wa kupanua sehemu ya kutoka Nsalaga, jirani na Uyole, hadi Ifisi, karibu na uwanja, iwe ya njia nne kwa urefu wa kilomita 29.

Hakuna gari moja la umma linalotoka Tukuyu moja kwa moja hadi mlangoni pa uwanja kwa kufuata ratiba ya ndege. Msafiri hupanda basi dogo au Noah hadi Mbeya, hubadilisha gari la kwenda Mbalizi, kisha humalizia kwa teksi, bajaji au bodaboda. Wengine hukodi gari kwa pamoja kutoka Tukuyu, na gharama ikigawanywa huwa nafuu kuliko teksi ya mtu mmoja.

Muda wa ndege huamua mahali pa kulala. Anayeondoka na ndege ya asubuhi ama hutoka Tukuyu usiku wa manane, ama hulala Mbeya siku iliyotangulia. Ndege ya jioni humruhusu kuondoka nyumbani mchana, lakini anayefika kwa ndege hiyohiyo huwa amechelewa magari ya kwenda Tukuyu na hulazimika kulala Mbeya. Hivyo nauli halisi ya mtu wa Rungwe ni tiketi pamoja na gari, na mara nyingi pamoja na chumba cha wageni. Ukungu unapoahirisha safari, gharama hizo huongezeka maradufu, ilhali abiria anayeishi Mbalizi hurudi tu nyumbani kwake.

Mizigo na mazao

Abiria wa ukanda huu wana desturi ya kubeba zawadi za chakula kwa ndugu walio Dar es Salaam: ndizi na parachichi za Rungwe, mchele wa Kyela, maharage na viazi. Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye tiketi, na kinachozidi hulipiwa kwa kilo. Mara nyingi bei ya kilo za ziada hupita bei ya zao lenyewe, kwa hiyo wengi hutuma gunia kwa basi na kusafiri na begi tu. Parachichi zilizoiva huharibika zikikandamizwa; zinazofaa kusafirishwa ni zile ngumu zilizopangwa kwenye boksi.

Rungwe inalima pia chai, kahawa na kakao, na tangu miaka ya 2000 kilimo cha parachichi aina ya Hass kwa ajili ya soko la nje kimepanuka. Kwa kawaida parachichi hizo huenda nje kwa makontena yenye ubaridi kupitia bandarini, kwa sababu ni nzito na zinavumilia safari ndefu zikihifadhiwa vizuri. Ndege hufaa zaidi kwa mazao mepesi yanayoharibika haraka, kama maua na mboga laini. Kwa mazao hayo urefu wa njia ya kurukia ni sehemu moja tu ya mahitaji. Vinahitajika pia vyumba vya ubaridi, ukaguzi wa afya ya mimea na ndege zenye nafasi ya mizigo.

Haki za abiria na malalamiko

Mkataba wa usafiri ni kati ya abiria na shirika la ndege lililouza tiketi. Kwa hiyo suala la kuchelewa, kufutwa kwa safari au mzigo uliopotea huanzia kwa shirika. Suala la usafi, viti au taa za jengo huhusu mwendeshaji wa uwanja. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, na lalamiko lililopelekwa pasipohusika hukaa bila majibu.

Mzigo usipoonekana au ukiwa umeharibika, abiria anashauriwa kuandikisha taarifa kabla ya kutoka uwanjani na kubaki na nakala yake pamoja na kipande cha lebo ya mzigo. Kwa safari za kimataifa, pamoja na kipande chake cha ndani kama kimo kwenye tiketi hiyohiyo, hutumika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba huo unatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika na siku 21 kuhusu mzigo uliochelewa. Shirika huweza kuepuka fidia ya kuchelewa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizowezekana kuzuia hasara, na hali ya hewa ni utetezi wa kawaida.

Shirika lisipojibu, abiria anaweza kupeleka lalamiko TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri wa Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoanzishwa kwa sheria ili kutetea maslahi ya watumiaji. Tiketi, pasi ya kupandia, risiti za chakula na malazi, pamoja na saa halisi ya kila tangazo lililotolewa, ndivyo vinavyolipa lalamiko nguvu.

Umuhimu kwa Rungwe

Kwa Wilaya ya Rungwe uwanja huu umefupisha njia ya wagonjwa wanaopelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, watumishi wanaoitwa Dar es Salaam au Dodoma, wafanyabiashara, na familia zinazosafirisha marehemu kuja kuzikwa nyumbani. Umewarahisishia safari pia watalii wanaokuja kupanda Mlima Rungwe wenye kimo cha takriban mita 2,960, kuona ziwa la kreta la Ngozi na Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, au kupita Isongole kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.

Kuridhika kwa wasafiri hao kunategemea zaidi ya ukubwa wa jengo la abiria. Ndege inayotua kwa wakati, taarifa inayotolewa mapema kabla mtu hajaondoka Tukuyu, na barabara inayopitika kati ya Uyole na Songwe ndivyo vinavyoamua kama saa moja ya angani itabaki saa moja au itageuka kuwa safari ya siku mbili.